Majeraha ya Michezo: Chanzo Chake, Kinga Yake, na Saa Moja ya Kwanza Inayoamua Hatima ya Mchezaji

Kuanzia saa kumi alasiri, jua linapoanza kupoa, viwanja vya kata zetu huanza kujaa. Wapo vijana waliotoka shambani, waendesha bodaboda waliofunga kazi mapema, mafundi ambao saruji haijawatoka mikononi, na wanafunzi waliopita nyumbani kuweka madaftari tu. Upande mmoja unapigwa mpira wa miguu, upande wa pili wasichana wamechora mistari ya uwanja wa mpira wa pete, na pembeni watoto wanacheza chandimu. Ni mandhari inayofurahisha kila mpita njia, kwani kijana aliyeko uwanjani hujenga afya yake na kujiepusha na mengi yasiyofaa.

Kisha hutokea jambo ambalo karibu kila mkazi amewahi kulishuhudia. Mchezaji anaruka kuwania mpira wa juu, anatua vibaya, anaushika mguu wake na kulia. Haipiti dakika moja kabla ya watu ishirini kumzunguka. Mmoja anauvuta mguu ili “urudi mahali pake”. Wa pili anaukunja na kuukunjua. Wa tatu anamtuma mtoto akaombe maji ya moto nyumba ya jirani. Wa nne anamsihi ajikaze kiume, kwa kuwa timu imekwisha kubadilisha wachezaji wote. Wote wanne wana nia njema, na wote wanne wanamdhuru.

Makala hii imeandaliwa ili kuwasaidia wachezaji, walimu wa michezo, viongozi wa timu na wazazi kuyaelewa majeraha yanayotokea mara nyingi michezoni, sababu zake na namna ya kuyazuia. Jambo la msingi ni hili: sehemu kubwa ya majeraha hayo si bahati mbaya, wala si kazi ya timu pinzani iliyokwenda kwa mganga. Yana sababu zinazojulikana, na mengi yanazuilika. Aidha, hata pale jeraha linapotokea, mara nyingi ulemavu hauletwi na kuanguka kwenyewe, bali na yale tunayoyafanya katika saa moja ya kwanza na katika majuma yanayofuata.

Jambo hili si la uwanjani pekee. Kwa mkulima, mwendesha bodaboda, fundi na mama lishe, mguu ni mtaji. Kijana aliyeumia goti siku ya Jumapili huikosa kazi ya Jumatatu, na hakuna mwajiri wa kumlipa akiwa amelala. Jeraha la dakika moja linaweza kuifunga riziki ya familia nzima kwa msimu mzima wa kilimo.

MAJERAHA YANAYOTOKEA MARA NYINGI

Kifundo cha mguu. Hili ndilo jeraha maarufu kuliko yote katika michezo ya kukimbia na kuruka. Mguu unapokanyaga shimo, au unapotua juu ya mguu wa mchezaji mwingine, wayo hupinduka kuelekea ndani. Kano za upande wa nje wa kifundo, yaani nyuzi ngumu zinazouunganisha mfupa na mfupa, huvutika kupita kiasi au hukatika. Kifundo huvimba, na baadaye damu iliyovuja huonekana chini ya ngozi kama wekundu au weusi. Wengi hulipuuza jeraha hili kwa kuwa “ni kuteguka tu”, ilhali kano iliyolegea bila kutibiwa hukifanya kifundo kiteguke tena na tena.

Misuli ya nyuma ya paja. Mshambuliaji anakimbia kwa kasi yake yote, hakuna aliyemgusa, mara anasimama ghafla na kushika nyuma ya paja kana kwamba amepigwa jiwe. Misuli imechanika. Jeraha hili hutokea zaidi kwenye mbio za kasi, hasa mwili ukiwa haujapashwa moto au ukiwa umekwisha kuchoka mwishoni mwa mchezo.

Goti. Ndani ya goti zimo kano mbili zinazopishana kama msalaba, ambazo huuzuia mfupa wa muundi usiteleze chini ya mfupa wa paja. Kano ya mbele hukatika mara nyingi bila ya kugongana na mtu: mchezaji anatua kutoka juu goti likiwa limenyooka, au anageuka ghafla wakati wayo umeganda ardhini. Yeye mwenyewe husikia mlio ndani ya goti, na goti huvimba katika saa chache. Wasichana hupata jeraha hili kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko wavulana wanaocheza michezo ya kuruka na kugeuka kama wao. Katika mpira wa pete hatari huongezeka, kwa sababu kanuni humkataza aliyedaka mpira kukimbia nao. Hulazimika kusimama papo hapo, na uzito wote wa mwendo hubebwa na goti na kifundo.

Muundi na mifupa iliyochoshwa. Yapo majeraha yasiyokuja kwa kishindo. Kijana ambaye hakufanya mazoezi kwa miezi mitatu husikia kuwa mashindano ya kata yamekaribia, akaanza kukimbia kila siku asubuhi na jioni. Baada ya majuma mawili, maumivu hujitokeza kwenye mfupa wa muundi. Akiendelea kulazimisha, mfupa huweza kupata ufa. Kwa watoto wanaokua haraka, hasa wa umri wa miaka 10 hadi 15, hujitokeza uvimbe wenye maumivu chini kidogo ya goti, mahali ambapo misuli mikubwa ya paja huvuta sehemu ya mfupa ambayo bado ni laini. Mtoto huyo si mvivu wala hajifanyi mgonjwa. Apunguziwe mazoezi hadi maumivu yatulie.

Vidole, mkono na bega. Walinda mlango, wachezaji wa mpira wa wavu, mpira wa mikono na mpira wa kikapu huumia vidole vinapogongwa na mpira kwa ncha. Anayeanguka hunyoosha mkono kujikinga, na kishindo chote huenda kwenye kiganja, kiwiko au bega. Mfupa wa bega ukitoka mahali pake, asiruhusiwe mtu yeyote aliyeko uwanjani kuuvuta kuurudisha, kwani karibu na bega hupita mishipa ya fahamu na ya damu inayoweza kuumizwa, na yawezekana mfupa umevunjika pia.

Kichwa. Wachezaji wawili wanapogongana vichwa, ubongo hutikisika ndani ya fuvu. Si lazima mtu azimie ndipo awe ameumia. Kuchanganyikiwa, kuuliza swali lilelile mara kwa mara, kuumwa kichwa, kichefuchefu, kuona maruweruwe, au kutokumbuka matokeo ya mchezo ni dalili tosha. Mchezaji wa aina hiyo asirudi uwanjani siku hiyo, hata akidai yu mzima, na hata kama ni fainali.

SABABU ZAKE

Sababu ya kwanza ni mwili usioandaliwa. Katika mechi nyingi za mitaani, wachezaji hufika wamechelewa, huvaa jezi wakiwa wanakimbia, na filimbi hupulizwa. Misuli iliyopoa haina utayari wa kuvutika kwa ghafla. Kupiga penalti tano golini si kupasha mwili moto.

Sababu ya pili ni uwanja. Viwanja vyetu vingi ni vya ardhi ya kawaida. Wakati wa kiangazi hukauka na kuwa vigumu kama sakafu, na wakati wa masika hugeuka tope na utelezi. Humo hukutwa mashimo, visiki, mawe, vipande vya chupa, na vigingi vilivyoachwa na wafugaji waliofunga mbuzi mchana. Magoli yasiyochimbiwa vizuri ni hatari ya pekee, kwani mwamba wa goli ukimwangukia mtoto anayening’inia unaweza kumuua.

Sababu ya tatu ni vifaa. Kanuni za mpira wa miguu humtaka kila mchezaji avae vikinga ugoko, lakini katika mechi zetu ni wachache wanaovivaa. Wengine hucheza na njumu za kuazima zisizowatosha, na wengine hucheza pekupeku dhidi ya aliyevaa njumu. Asiye na uwezo wa kununua njumu hastahili kulaumiwa. Hata hivyo, timu ina wajibu wa kukubaliana na wapinzani kabla ya mchezo: ama wote wavae njumu, ama wote wacheze kwa raba au pekupeku.

Sababu ya nne ni uchovu. Mashindano hupangwa mechi tatu au nne ndani ya juma moja, na mchezaji mahiri huchezeshwa zote. Huyo huyo asubuhi amelima, mchana amebeba matofali. Misuli iliyochoka haiwezi kukilinda kiungo.

Sababu ya tano ni jeraha la zamani ambalo halikupona. Wataalamu wa tiba ya michezo wanakubaliana kuwa miongoni mwa dalili kubwa kwamba mchezaji ataumia ni kuwa aliwahi kuumia mahali hapo hapo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika michezo ukuta huo hugharimu upasuaji.

Sababu ya sita ni mchezo usio wa kiungwana: kuchezea miguu badala ya mpira, kurusha viwiko hewani, na mwamuzi anayeogopa kutoa kadi kwa kuhofia mashabiki. Mwamuzi anayezilinda kanuni hulinda pia mifupa ya wachezaji.

DAKIKA ISHIRINI ZINAZOOKOA MSIMU

Habari njema ni kwamba kinga iliyo bora zaidi haiuzwi dukani. Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa mazoezi ya maandalizi unaojulikana kama FIFA 11+, ulioandaliwa na wataalamu wa tiba wa shirikisho la mpira wa miguu duniani wakishirikiana na watafiti wengine. Una mazoezi 15, huchukua takribani dakika 20, na hauhitaji kifaa chochote zaidi ya uwanja, mpira na mwenzako. Unatakiwa ufanywe angalau mara mbili kwa juma, na sehemu zake za kukimbia zifanywe kabla ya kila mechi.

Nchini Norway, mpango huo ulijaribiwa kwa wasichana 1,892 wa umri wa miaka 13 hadi 17, na majeraha kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi moja kwa timu zilizoufuata. Mtu anaweza kusema kuwa Norway ina viwanja vya nyasi na madaktari tele. Basi na tutazame karibu na kwetu. Katika jiji la Lagos, Nigeria, mpango uleule ulijaribiwa kwa vijana 416 wa timu 20, wenye umri wa miaka 14 hadi 19. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionesha kuwa majeraha yalipungua kwa asilimia 41 ikilinganishwa na timu zilizoendelea na mazoezi yao ya kawaida.

Mpango wenyewe una sehemu tatu. Sehemu ya kwanza, ya dakika 8, ni kukimbia polepole kwa jozi, huku wachezaji wakifungua nyonga nje na ndani, wakizungukana, na kugusana mabega kwa kuruka. Sehemu ya pili, ya dakika 10, ni ya nguvu na mizani: kujiegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu huku mgongo umenyooka, kusimama kwa mguu mmoja huku mwenzako akikurushia mpira, kuchuchumaa na kuinuka, na kuruka juu kisha kutua taratibu. Sehemu ya tatu, ya dakika 2, ni mbio za kasi zenye kugeuka.

Mazoezi mawili yanastahili kuelezwa zaidi. La kwanza ni la nyuma ya paja. Mchezaji hupiga magoti chini, mwenzake humshika vifundo kwa nguvu, naye hujiinamisha mbele polepole kadiri awezavyo, mwili ukiwa umenyooka kutoka magotini hadi kichwani, kisha hujipokea kwa mikono. Anayeanza afanye mara 3 hadi 5 tu, kwani misuli huuma siku ya pili. La pili ni kujifunza kutua. Mwalimu asimame mbele ya wachezaji na kuwatazama magoti yao wanaporuka na kutua. Goti likunjwe, lielekee kwenye vidole vya mguu, wala lisiporomoke kuelekea goti la pili. Kwa wasichana wa mpira wa pete, mazoezi haya yapewe uzito uleule unaopewa kufunga mabao.

Pamoja na hayo, mazoezi yaongezwe hatua kwa hatua. Timu inayojiandaa na mashindano ianze angalau majuma sita kabla. Wachezaji wanywe maji kabla, wakati na baada ya mchezo, na mechi zisipangwe saa sita au saa saba mchana jua likiwa kali.

SAA MOJA YA KWANZA

Mchezaji akiumia kifundo, goti au paja, hatua zifuatazo zinafaa.

Kwanza, aache kucheza. Asijaribiwe kwa kukimbizwa kando ya uwanja “ili tuone”.

Pili, sehemu iliyoumia ipozwe. Barafu ifungwe kwenye kitambaa na kuwekwa juu ya jeraha kwa dakika 10 hadi 20, kisha iondolewe, na irudiwe baada ya saa mbili hivi. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, kwani huiunguza. Barafu za mfuko zinazouzwa madukani zinatosha, na pale ambapo hakuna umeme, kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya mtungini husaidia kupunguza maumivu.

Tatu, ifungwe bandeji inayovutika, kwa kukaza kiasi. Vidole vikipata ganzi, vikiwa vya baridi au vikibadilika rangi, bandeji ilegezwe mara moja.

Nne, mguu uinuliwe juu ya mto au mkoba, uwe juu kuliko kifua, mchezaji akiwa amelala.

Kwa siku mbili hadi tatu za mwanzo yapo mambo manne ya kuepukwa: kukanda kwa maji ya moto, kuchua, kunywa pombe, na kukimbia. Joto na kuchua huongeza damu inayovuja ndani, na uvimbe hukua. Kwa paja lililopigwa goti, kuchua kwa nguvu kunaweza hata kusababisha mfupa kuota ndani ya msuli. Vilevile, kumeza au kuchomwa dawa ya maumivu ili kumalizia mchezo ni sawa na kuzima king’ora huku nyumba ikiendelea kuungua.

Mwandishi wa makala hii aliyajua hayo akiwa amekwisha kuchelewa. Nikiwa mwanafunzi wa stashahada, nilitua vibaya katika mechi ya madarasa, kifundo cha kulia kikavimba kama embe. Jioni hiyo hiyo wenzangu waliniletea beseni la maji ya moto na chumvi, na mmoja aliyesifika kwa kuchua akakivuta kifundo hadi nikauma taulo. Usiku ule sikulala. Siku ya tisa nilirudi uwanjani kwa sababu tulikuwa na nusu fainali, na dakika ya kumi na mbili kikateguka tena pahali palepale. Leo ni zaidi ya miaka kumi, na ninaposhuka mteremko kwa miguu bado nachagua pa kukanyaga. Wenzangu hawakukosa upendo. Walifanya walichoona kikifanywa na waliowatangulia, nami mwenyewe ndiye niliyewaomba wanirudishe kikosini.

LINI AENDE KITUO CHA AFYA

Si kila jeraha huhitaji picha ya eksirei. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha mwaka 1992 kanuni rahisi ambazo hutumika hadi leo duniani. Mtu aliyeumia kifundo akishindwa kupiga hatua nne, mara tu baada ya kuumia na hata anapofika kwa mganga, anahitaji picha. Vivyo hivyo akisikia maumivu anapobonyezwa kwenye mfupa wenyewe, hasa ncha au ukingo wa nyuma wa vifundo vya pande zote mbili. Hatua nne hizo, hata za kuchechemea, kila nahodha anaweza kuzihesabu.

Mchezaji apelekwe bila kuchelewa kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali endapo:

– kiungo kimepinda au kimetoka mahali pake;
– mfupa unaonekana au kuna jeraha wazi, ambapo kitambaa safi kifunike jeraha, mfupa usisukumwe ndani, na chanjo ya pepopunda iulizwe;
– mguu au mkono umekufa ganzi, au vidole vimepoa na kupauka;
– goti limevimba katika saa chache, au limekwama halikunjuki;
– amegongwa kichwa kisha anatapika, anasinzia kusiko kawaida, anapata degedege, au maumivu ya kichwa yanazidi;
– ana maumivu ya shingo baada ya kuanguka, ambapo asiinuliwe wala kugeuzwa na wasio na ujuzi hadi msaada ufike, isipokuwa mahali alipo ni pa hatari.

Mfupa unaodhaniwa kuvunjika utulizwe kwa banzi jepesi, kama ubao au maboksi yaliyokunjwa, likifungwa juu na chini ya mahali palipoumia. Banzi lisikazwe kupita kiasi. Wapo waliopoteza viungo si kwa sababu ya kuvunjika, bali kwa sababu damu ilizuiwa na kamba zilizokazwa kwa siku kadhaa.

Lipo tukio lingine ambalo si jeraha, lakini kila aliyeko uwanjani anapaswa kulijua: mchezaji anayeanguka ghafla pasipo kuguswa na mtu, asiyeitika wala kupumua kawaida. Wengi walitazama runingani tarehe 12 Juni 2021, mchezaji wa Denmark, Christian Eriksen, alipoanguka hivyo jijini Copenhagen moyo wake ukiwa umesimama. Waliomwahi walimkandamiza kifua papo hapo, mshtuko wa umeme ukaurudisha moyo wake, naye akarejea kucheza mwaka uliofuata. Mchezaji akianguka namna hiyo, asimwagiwe maji wala asipepewe tu. Mmoja atafute usafiri na kupiga simu, mwingine amkandamize katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu na kasi, takribani mara mbili kila sekunde, bila kuacha, hadi msaada ufike.

KURUDI UWANJANI

Maumivu kuisha si kupona. Kifundo kilichoteguka kidogo huhitaji juma moja hadi matatu, na kilichokatika kano huhitaji majuma mengi zaidi. Aliyefanyiwa upasuaji wa kano ya mbele ya goti hushauriwa kusubiri angalau miezi tisa. Aliyeumia kichwa asirudi mchezoni bila ruhusa ya mtaalamu wa afya.

Hata hivyo, kupumzika si kulala kitandani mwezi mzima. Baada ya siku chache za mwanzo, kiungo kianze kutembezwa taratibu ndani ya mipaka ya maumivu, na hospitali zenye huduma ya fiziotherapia huelekeza mazoezi yanayofaa. Mchezaji ajipime kwa ngazi hizi: atembee bila kuchechemea, asimame kwa mguu ulioumia kwa sekunde 30 bila kuyumba, aruke kwa mguu huo mmoja bila maumivu, akimbie moja kwa moja, akimbie kwa kasi na kugeuka, afanye mazoezi na wenzake, na mwisho kabisa acheze mechi. Ngazi itakayouma, arudi iliyotangulia.

WAJIBU WETU SOTE

Viongozi wa timu wafike uwanjani nusu saa kabla ya mchezo na kuuzungukia wakiwa na wachezaji wao, wakiokota chupa na mawe, wakifukia mashimo na kung’oa vigingi. Kazi hiyo ya dakika kumi haihitaji bajeti. Kila timu iwe na sanduku dogo la huduma ya kwanza lenye bandeji zinazovutika, pamba, glovu, mkasi, kitambaa safi cha pembe tatu na sabuni, pamoja na mtu mmoja aliyekabidhiwa jukumu hilo ambaye si mchezaji wa siku hiyo. Namba ya simu ya kituo cha afya kilicho karibu, na ya dereva atakayekubali kuitwa, ziandikwe ndani ya kifuniko.

Walimu wanaoandaa wanafunzi kwa mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA waingize dakika hizo ishirini katika ratiba zao, wasizikate kwa sababu muda umekwenda. Wazazi wasikilize mtoto anaposema anaumwa, na wala wasimpe jina la uvivu. Waandaaji wa mashindano wapange siku za kupumzika kati ya mechi, na kabla ya kufungua mashindano wakaonane na Afisa Mtendaji wa Kata pamoja na mganga mfawidhi wa kituo cha karibu, ili wahudumu wawe na taarifa. Maswali kuhusu viwanja na mashindano yapelekwe Kitengo cha Utamaduni, Sanaa na Michezo cha Halmashauri.

Nasi mashabiki tuna sehemu yetu. Mchezaji anapoanguka, tumwachie nafasi apate hewa, tumpishe mwenye sanduku, na tusimwite legelege anayetoka nje akichechemea. Mechi ya leo itakwisha kabla ya magharibi, na kesho asubuhi kijana huyo atahitaji miguu yote miwili kwenda shambani.